Biskuti za Kaporali

Nakivale, 11 Februari 2025

Yaya wangu Venuste, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, wifi Uwera, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Sisi huku tuko. Ninasema "sisi" kwa mazoea tu. Niko mimi na Kaporali. Mvua ilinyesha Jumamosi ikasimama, na mihogo iliyokuwa imelala imeinuka kidogo. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba nikisimama sana. Chakula cha msaada hapa kambini kimepunguzwa tena, hilo umesikia hata huko. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha, mmoja ana sikio moja jeupe. Divine angeomba apewe huyo.

Unisamehe kwa kukuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani. Simu niliiuza tulipokuwa hospitali, unajua. Na hata ningekuwa nayo, kwenye simu wewe unasema haraka kisha unakata. Karatasi haikati.

Barua hii naiweka chini kabisa ya katoni, chini ya biskuti, kwa sababu dereva Swaib ana tabia ya kusoma barua za watu akingojea abiria. Nimemwambia akueleze kwa mdomo kwamba katoni ni ya Daktari Mastulah, yule daktari wa wanyama ambaye Divine alimsaidia kazi likizo mbili alipokaa kwenu. Yeye anazigawa kwa wateja wake. Kama Swaib amesahau, basi soma hapa: hizi biskuti ni za mbwa.

Nilianza mwezi wa tisa. Unamkumbuka Kaporali, mbwa wa Divine, mwenye mistari miwili begani kama askari. Tulipomzika Divine, alilala mlangoni siku tano bila kugusa chakula. Mimi vilevile nilikuwa sili, tulikuwa tunatazamana tu. Siku ya sita nikafungua daftari la mtoto kutafuta mwandiko wake, si kutafuta biskuti, nikakuta kurasa za biskuti za mbwa alizoandika alipokuwa kwa Daktari. Nikachemsha viazi vitamu. Kaporali akala tatu, mimi nikala mbili.

Sasa kuna maneno. Nilikuwa nachoma katika tanuri la kikundi chetu cha wamama, lile tulilojenga pamoja, ambalo Jumamosi linaoka mkate wa kuuza na mkate wa meza ya Bwana. Mimi nilikuwa natumia Jumanne, linapokaa bure. Wiki mbili zilizopita Mama Nyiramana, kiongozi wetu, akanikuta.

"Mama Divine, hii harufu ni ya nini?"

"Ya viazi na samaki ndakala."

"Ni ya kuuza?"

"Ni ya Kaporali, na ya imbwa ya Mbarara."

Akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena. "Imbwa. Mu tanuri ya mukate ya Bwana!"

"Nilifagia mbele ya kuchoma, na nitafagia nyuma ya kuchoma."

"Batoto ya batu banalala njaa, weye unachomea imbwa biskwi!"

Nikamuuliza, "Mama Nyiramana, kuku zako zimekula nini leo?"

"Mahindi. Lakini kuku siye tunakula!"

"Basi njaa ya batoto si yo shida. Shida ni kwamba Kaporali haliwi."

Nadhani hilo ndilo lililomkasirisha. Wazee wa kanisa wameniita. Wanataka nitubu mbele ya watu. Siombi ruhusa yako, Yaya. Nakuambia tu ili usilisikie kwa mwingine kwanza.

Mdogo wako,
Nabintu


Mbarara, 2 Machi 2025

Kwa mdogo wangu Nabintu,

Bwana asifiwe. Sisi ni wazima. Uwera alikuwa na homa lakini amepona. Mtoto wa kwanza amepita mtihani wake, wa pili hakufanya vizuri, tunamwombea. Kazi dukani ni ile ile. Mabati yamepanda bei na watu wanajenga nusu nusu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Mzigo ulifika. Daktari nimempelekea.

Nabintu, hilo jambo la mbwa liache. Mzee Natanaeli alifunga safari kutoka huko kwenu pamoja na mchungaji, wakaja hapa nyumbani kwangu, wakakaa kwenye viti vyangu wakanieleza habari ya dada yangu mwenyewe. Unajua mimi nimechaguliwa mzee wa kanisa la hapa mwezi wa kumi na moja tu. Nilitazama sakafu.

Hawakusema kwamba wewe ni mbaya. Walisema una huzuni na huzuni imepita kipimo. Mtu aliyefiwa anasaidiwa, lakini na yeye anajisaidia. Mimi nimefikiri hivi: Kaporali apewe wafugaji wa Endiinzi, kule kuna ng'ombe, atapata kazi. Wewe uandike mistari mitatu ya kuomba msamaha, mimi nitaipeleka. Kisha uje ukae hapa na Uwera mwezi mmoja au miwili, mpaka kichwa kitulie. Chumba cha nyuma kiko wazi.

Usinijibu kwa hasira.

Kaka yako,
Venuste


Nakivale, 9 Machi 2025

Yaya,

Asante kwa barua, na pole kwa wifi. Ale ndimu na asali, asinywe maji baridi. Huyo wa pili usimchape. Divine naye alianguka hesabu mwaka mzima kisha akainuka mwenyewe. Huku maharage yametoa maua. Tumefiwa na mzee aliyekuwa akitengeneza baiskeli karibu na kituo cha maji, umri wake haujulikani, tulimzika Ijumaa.

Sina hasira. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jina la Divine. Halimo. Mimi katika yangu niliandika jina lake bila hata kukusudia. Wewe unaandika "huzuni" kama jina la ugonjwa wa ng'ombe.

Swaib ameniletea ujumbe wa Daktari Mastulah. Alimwambia hivi: "Ssebo, bwana, uliza yule mama, kwa nini box imefika nusu? Customer wangu wanalia." Mimi nilijaza katoni mpaka juu. Sisemi kitu. Nauliza tu kama uliifungua.

Tanuri la kikundi nimeliacha. Nimejenga langu nyuma ya nyumba, kwa udongo wa kichuguu, majivu na nyasi zilizokatwa fupi. Nimelikandika siku nne. Mlango ni bati la dumu. Limepasuka ufa mmoja upande wa kulia, lakini joto linakaa.

Nakueleza namna ninavyofanya, ili ujue unachoniambia niache. Viazi vitamu ni vya shamba langu. Navichemsha na maganda, namenya vikiwa moto, naponda. Ndakala naziosha mara mbili, nazianika, nazitwanga ziwe unga. Yai moja kwa bakuli moja la unga wa mtama. Chumvi hakuna. Sukari hakuna. Nasukuma nyembamba, nakata kwa kifuniko cha termosi, nachoma hadi zikivunjwa zilie "ka." Ikiinama bila kulia, bado. Divine ndiye aliyeandika hilo la kulia. Na kwenye ukurasa wa mwisho ameandika: "Usiweke kitunguu hata kidogo, kinaharibu damu ya mbwa," akapiga mistari miwili chini ya neno damu. Alikuwa na miaka kumi na sita, na damu yake mwenyewe ilikuwa inamtesa tangu akinyonya. Hakuandika hata ukurasa mmoja juu ya damu yake. Aliandika juu ya damu ya mbwa.

Kwa hiyo mistari mitatu sina. Kaporali haendi Endiinzi. Na chumba cha nyuma asante, lakini kichwa changu kimetulia kabisa, labda ndiyo maana kinawasumbua.

Ninakuwekea hapa biskuti nane kwenye karatasi, za kwako, ujue ladha ya maneno tunayogombania.

Nabintu


Mbarara, 30 Machi 2025

Mdogo wangu,

Tunakusalimu sote. Uwera anasema asali ilimfaa. Mvua huku inanyesha kila jioni na barabara ya kwetu imekuwa tope tupu, boda hazikubali kuingia. Mabati yameshuka kidogo.

Biskuti nane nimezipata. Sikuzila. Ladha yake nilikuwa naijua tayari.

Nilikuwa sitaki kukuandikia hili, lakini Uwera amekataa kunipikia chai mpaka niandike. Ninacheka ninapoandika lakini si kicheko cha furaha.

Ile katoni Swaib aliileta saa tisa, akaitupa mlangoni akaondoka, hakusema neno. Saa kumi wakafika Mzee Natanaeli na mchungaji. Nyumbani hakukuwa na mkate wala mandazi. Unamjua Uwera, mgeni akikaa kwake mikono mitupu, yeye hawezi kulala. Akaona katoni kutoka kwako, akafikiri umetutumia zawadi. Akapanga kwenye sahani, akaleta na chai.

Nabintu, walikula. Mchungaji alikula sita. Alisema, "Mama, hii haina sukari! Mimi daktari alinikataza sukari, kila nyumba ninakokwenda ni mateso. Hii ni ya Mungu mwenyewe." Mzee Natanaeli hana meno ya mbele, yeye alikuwa anatosa kwenye chai, anangoja ilainike, anameza, kisha anaendelea: "Dada yako anatupa chakula ya batu kwa imbwa." Akatosa nyingine. "Ni kitu ya haya, Venuste." Akatosa nyingine. Na wakati wa kuondoka mchungaji akaomba afungiwe kidogo kwenye karatasi kwa ajili ya safari.

Walipotoka, Uwera akaanza kuosha vyombo, akainua katoni, akakuta barua chini. Alisoma mpaka kwenye "ni za mbwa," akakaa chini kwenye mkeka, akaniita, "Baba, kuja usome."

Zilizobaki baada ya wageni na sisi wenyewe kula ndizo nilizompelekea Daktari. Ndiyo maana zilikuwa nusu.

Sasa nakuomba kama kaka yako, hilo lisifike huko. Wakijua, mimi hapa sina uso. Walikuja kunishauri nikawalisha chakula cha mbwa kwa mikono ya mke wangu. Watasema tulikusudia. Nakuomba, Nabintu. Na bado naomba utubu.

Venuste


Nakivale, 14 Aprili 2025

Yaya Venuste, na wifi yangu mpenzi Uwera,

Nawasalimu nikiwa mzima kabisa. Maharage nimevuna debe moja na nusu. Mbuzi mwenye sikio jeupe ameuzwa, sikutazama walipomchukua.

Barua yenu niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kinu. Nilipofika kwa Mzee Natanaeli kutosa kwenye chai, nilianguka kutoka kwenye kinu. Nilicheka mpaka jirani akaja na kuuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia nimepata habari za wifi. Yaya, sijacheka hivyo tangu Septemba. Kaporali alikuja akaninusa mdomo, akadhani naugua.

Usiogope. Sitamwambia mtu. Silaha hiyo ni nzuri, lakini siitaki. Viazi ni vyangu, mayai ni ya kuku wangu, ndakala nilizichagua moja moja. Sijawahi kumpa Kaporali kitu ambacho mimi sikuonja kwanza. Wageni wenu walikula chakula safi. Nikiwacheka kwa hilo, nitakuwa nimekubali kwamba ilikuwa aibu.

Sikiliza na habari nyingine. Wiki iliyopita Daktari Mastulah alikuja na watu wake kuchanja mbwa, ile chanjo ya kichaa. Mwaka jana walikuja, mbwa wakakimbilia vichakani, wakachanja wachache wakarudi. Safari hii alinitumia neno nichome nyingi. Tulikaa chini ya kivuli cha bati la shule, mimi na karai la biskuti. Alikuja wa kwanza, akala, akashikwa. Wa pili akaona wa kwanza anakula, akaja. Ilipofika saa sita walikuwa wamechanja mbwa tisini na wawili. Mbwa wa Mama Nyiramana naye alikuja peke yake, bila mwenyewe kumleta. Nilimpa mbili.

Daktari aliniambia ya kwake pia. Mama yake mzazi hamruhusu kuingia sebuleni na nguo za kazi. Humwambia kila siku, "Wewe mtoto wa Kiislamu, unashika mbwa!" Nikamuuliza unamjibu nini. Akasema, "Namwambia, nyabo, mama yangu, nimenawa. Nanawa, naswali, kesho narudi kwa mbwa." Nimelipenda jibu hilo.

Jioni ile Mzee Natanaeli alinijia nyumbani. Akakaa, akakataa maji, kisha akayanywa.

"Mama Divine, Mungu amefungua mulango. Sema tu kama ulichoma sababu ya chanjo. Batu babili balikuwa baliumwa na imbwa mwaka jana. Ukisema ni ya chanjo, ni kazi ya kusaidia batu. Tunafunga maneno."

"Lakini chanjo imekuja leo tu, Mzee. Mimi nimechoma tangu mwezi wa kenda."

"Hiyo nani anajua?"

"Mimi."

Akainuka, akasema nifikiri vizuri. Tarehe 11 Mei, Jumapili, nitasimama mbele. Nikikubali kusema ya chanjo, nabaki kwenye kikundi. Nisiposema, natolewa. Miaka tisa nimeimba na wale wamama, Yaya. Ndio walioniosha nywele siku ya mazishi. Si jambo dogo kwangu, usifikiri ninacheza.

Nina swali moja kwako, halafu nanyamaza. Wazee wana sababu zao: tanuri, njaa, watu watasema nini. Wewe huna tanuri huku. Mbona biskuti hizi zinakuuma wewe kuliko zinavyowauma wao?

Nabintu


Mbarara, 27 Aprili 2025

Nabintu,

Hatujambo. Salamu za Uwera.

Kubali maneno ya Mzee Natanaeli. Ni maneno matano tu. Kila mtu anajua una moyo mzuri, hakuna atakayeuliza ulianza lini.

Nilikuwa nimemaliza hapo na nimelamba bahasha. Uwera akaniuliza kama nimejibu swali. Nikasema swali gani. Akanitazama. Nimeifungua tena.

Mwaka jana mwezi wa tisa, ulipokwenda Nakivale siku mbili kuchukua nguo na kadi ya msaada, mimi ndiye niliyekaa na Divine hospitali hapa Mbarara. Unakumbuka. Siku ile ya kwanza Divine aliniambia mimi mjomba wake, "Noko, niletee Kaporali. Wasipomwachilia kuingia, nitamwona getini, nitatembea mpaka getini." Nikamwambia nitamleta. Aliniuliza mara mbili, nikasema ndiyo mara mbili.

Kesho yake nilipanda gari asubuhi nikaja huko. Wewe ulikuwa kwenye foleni ya kadi, hatukuonana, na mimi sikukutafuta. Kaporali alinijua, akaja mwenyewe. Nilimfunga kamba. Tulitembea vizuri mpaka kituo cha magari. Pale kondakta akapiga kelele: "Mzee na mbwa yake! Utalipia viti viwili ama mtakaa mapajani?" Watu wakacheka. Ndani ya gari walikuwa wamekaa waumini wawili wa kanisa letu la hapa, na wakati ule jina langu lilikuwa limeanza kutajwa kwa uzee wa kanisa. Mmoja akasema, "Venuste, ni weye?"

Nilifungua kamba. Nilimwambia Kaporali nenda. Hakwenda, alikaa chini kando ya gari. Niliingia, gari likaondoka.

Divine nilimwambia kwamba mbwa hakuonekana. Alisema, "Si kitu, Noko." Alhamisi akatutoka.

Kwa sababu hiyo sikuja mazishini. Nilikuambia ni kazi. Haikuwa kazi. Nilijua mbwa atakuwa pale mlangoni.

Kila katoni ikifika hapa ninaisikia ile kamba mkononi. Sasa umejua. Wazee wa hapa wananiuliza kila Jumapili dada yako amesema nini, na mimi sijui niwajibu nini.

Venuste


Nakivale, 12 Mei 2025

Yaya Venuste,

Nakusalimu, na Uwera, na watoto. Mvua imekwisha, vumbi limeanza. Mguu umepungua. Nimepata mayai kumi wiki hii.

Nimekaa na barua yako siku kumi. Nilitaka kujibu siku ile ile, nikaacha. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze ya jana.

Nilivaa gauni langu la kijani. Kikwembe cha kikundi, kile kitenge cha sare, nilikifua Ijumaa, nikakipiga pasi, nikakikunja, nikakitia kwenye mfuko. Nilijua ninachokwenda kusema, sikutaka wanivue.

Mchungaji aliniita mbele. Aliniuliza kwa upole, kwa kweli ni mtu mpole. "Mama Divine, kanisa linakusikiliza." Mzee Natanaeli akaongeza kutoka kwenye kiti chake, "Sema ile ya chanjo, Mama."

Nikasema hivi, nakuandikia kama nilivyosema. Tanuri lilikuwa la wote, nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Kwa hilo naomba msamaha kwa kila mama aliyebeba udongo ule. Lakini sikuchoma kwa ajili ya chanjo. Nilichoma kwa sababu mbwa wa mtoto wangu alikataa kula, na mimi pia. Kisha niliendelea kwa sababu ninaipenda kazi hiyo, na kwa sababu mnyama aliyekaa mlangoni kwangu siku zile, watu walipokuwa wamerudi makwao, anastahili chakula kilichopikwa na mtu aliyemfikiria. Siwezi kutubu kitu ambacho Jumatano nitakifanya tena. Huo utakuwa uongo, na nitakuwa nimeusema nikiwa nimesimama karibu na meza ya Bwana.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine akasema "Amina" kisha akanyamaza haraka.

Mama Nyiramana akasimama. "Hiyo si toba."

"Ni kweli," nikasema, "si toba."

"Basi kikwembe ya kikundi utarudisha."

Nikautoa mfuko nikampa. Aliufungua, akaona kimepigwa pasi. Alikishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliniambia polepole, wengine wasisikie, "Mama Divine, kichwa yako ni ngumu sana." Nikamwambia, "Na yako, mama." Karibu acheke. Hakucheka.

Mchungaji alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu, labda juu ya biskuti zisizo na sukari ambazo hajui zilitoka wapi. Nilikuwa na neno mdomoni. Nililimeza. Nilikuahidi.

Sasa ya kwako.

Divine aliponiambia kwamba Noko hakumpata Kaporali, nilishangaa. Mbwa yule hajawahi kulala nje ya uzio wangu. Tena jioni ile niliporudi kutoka kwenye foleni nilikuwa nimemkuta ana alama ya kamba shingoni. Nilijua nusu, Yaya. Nusu nyingine sikuuliza, kwa sababu tulikuwa na mtoto wa kuzika, na kwa sababu wewe ndiye ndugu niliyebaki naye upande huu wa mpaka.

Divine alikuambia si kitu. Yeye alikuwa na haki ya kusema hivyo, alikuwa anakuhurumia, aliona uso wako. Mimi sisemi hivyo. Ni kitu. Alitembea mpaka getini siku ile, nesi ndiye aliyeniambia baadaye, alishikilia ukuta akafika, akasimama akingoja, akarudi. Sikutaka ulijue hili, lakini kwa kuwa umeniambia kweli, na mimi nakuambia kweli. Ubaki nalo. Mimi ninabaki nalo pia, tuko wawili.

Na sikufukuzi kwa ajili ya hilo. Ukija, utakula kwangu, utalala kwenye kitanda cha Divine, Kaporali atakunusa, na utavumilia kunuswa. Lakini usije kuniomba niache. Ulimfungua kamba kwa sababu watu walicheka. Mimi jana watu walicheka, na sikufungua kitu.

Waliponitoa kwenye kikundi nilikwenda kukaa benchi la nyuma kabisa, kwa wageni, karibu na mlango. Wamama wakaanza wimbo. Unajua sauti ya chini ilikuwa yangu na ya mama mmoja ambaye amesafiri. Walipofika ubeti wa pili wimbo ukayumba, hakukuwa na wa kuushikilia chini. Walijitahidi. Ukayumba tena. Basi nikaimba kutoka pale nyuma, nimekaa, na gauni langu la kijani. Wimbo ukasimama. Hakuna aliyegeuka kutazama, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Hata wangeniambia, nisingenyamaza.

Wazee wa huko wakikuuliza dada yako amesema nini, waambie alikataa. Usiseme bado anafikiri. Usiseme ni huzuni. Sema amekataa, ni mzima, na Jumatano anachoma.

Dada yako,
Nabintu, mama wa Divine